Uchungu wa Ulimini

Mpwa wangu aishiye Marekani alinipigia simu usiku mmoja, akakiri jambo asiloweza kumwambia mama yake. Wiki iliyopita aliweka ulimini kipande cha karatasi, akiambiwa ni LSD. “Mjomba,” akasema, “ilikuwa na ladha mbaya, nami sina neno lake.”

Nikamwuliza kama nilivyozoea darasani: ilikuwa chungu, chachu, ama ya ukakasi?

“Chungu,” akasema, “na ulimi ukafa ganzi.”

Nilishtuka. Albert Hofmann, mkemia aliyeiunda LSD mjini Basel mwaka 1938, alimeza robo ya miligramu tarehe 19 Aprili 1943, akaandika kwamba haikuwa na ladha. Kiasi hicho ni kidogo mno. Wino na karatasi huweza kusikika ulimini. Dawa yenyewe nayo huvuruga hisi. Lakini uchungu mkali wenye kutia ganzi huweza kuwa dalili ya dawa za jamii ya NBOMe, ziuzwazo kwa jina la LSD, nazo zimeshaua watu. Wala kukosa uchungu si hati ya usalama.

Kiswahili kina neno moja, uchungu, kwa ladha ya shubiri, kwa maumivu ya mama ajifunguaye na kwa huzuni ya aliyefiwa. Nililifundisha miaka mingi kama msamiati tu. Usiku ule dada yangu alikuwa amelala chumba cha pili. Nikamsikiliza mwanawe akipumua, nikashukuru kwamba neno lilikomea ulimini.