Uluguru Wakati wa Mvua: Familia Ivae Nini Mlimani?

Milima ya Uluguru, inayouegemea mji wa Morogoro, haikunyeshewa kwa bahati. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, na kazi yake tangu ilipoumbwa ni kuyapokea mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, kuyainua na kuyalazimisha yamwage maji yaliyoyabeba. Maji hayo hukusanyika vijitoni, vijito huingia Mto Ruvu, na Ruvu huwanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Basi anayetoka Dar na kuilalamikia mvua ya Uluguru, kwa hakika anailalamikia ndoo iliyoko bafuni kwake.

Tulikwenda huko familia tatu, watu wazima sita na watoto watano, katika siku za mwisho za vuli. Tangu treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari hiyo imekuwa nyepesi mno, chini ya saa mbili. Wepesi huo ni neema, lakini unamhadaa msafiri. Mtu huondoka kwake akitokwa jasho, amevaa nguo za joto la pwani, na kabla ya adhuhuri yumo ndani ya ukungu.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa kawaida, kila mtu apandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari; kilele cha Bondwa, penye minara ya mawasiliano, kinapita mita 2,000. Hizo ni nyuzi 9 au zaidi zilizopungua, kabla hatujataja upepo wala nguo iliyolowa. Na nguo iliyolowa ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa maji huiondoa joto ya mwili upesi sana kuliko hewa kavu.

Kitambaa kwanza, pambo baadaye

Pamba tunaipenda pwani kwa sababu hunywa jasho. Sifa hiyohiyo huigeuza kuwa mzigo mlimani. Fulana ya pamba, suruali ya jinzi au baibui zito la pamba likishalowa hunywa maji mengi, huwa zito na hukawia kukauka, na mwili hutumia nguvu zake kulipasha moto. Kitambaa cha polista hunywa maji kidogo na hukauka haraka. Sufu nayo, hata ikilowa, huendelea kuhifadhi sehemu ya joto. Hakuna haja ya kuvunja kibubu: katika masoko ya mitumba, sweta la sufu na jaketi jepesi la polista lenye manyoya hupatikana kwa bei ambayo familia nyingi huimudu. Soma lebo ya ndani kabla ya kutazama rangi.

Utaratibu tuliofuata ni wa tabaka tatu. Iliyogusa mwili ilikuwa nguo nyepesi ya polista. Juu yake ikaja sweta, tuliyoivua wakati wa kupanda na kuivaa kila tulipopumzika. Ya nje ilikuwa koti la mvua. Anayepanda akiwa amevaa zote tatu hulowa kwa jasho kutoka ndani, na faida ya koti ikapotea.

Kwa akina mama jambo hili lina uzito wa ziada, kwani nguo nyepesi ikilowa hugandamana na mwili na sitara ikaondoka. Tuliona kuwa linalofaa ni baibui pana la polista lisilofika chini ya kifundo cha mguu, na ndani yake suruali pana na soksi ndefu. Pindo linaloburuta hukusanya tope, hunasa kwenye mizizi na kumwangusha mvaaji. Juu ya yote, koti la mvua lisilo na mikono, linaloshuka kama joho, huwasitiri pamoja mama na begi lake mgongoni, na halishiki mwili. Mtandio wa pili uwe mkavu ndani ya begi. Kadhalika khanga moja: ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, na ni mswala.

Mwavuli tuliuacha hotelini. Kwenye njia nyembamba yenye upepo humnyima mtu mkono mmoja, na mkono huo anauhitaji kushikia fimbo.

Viatu na udhu

Njia ya kupandia Morningside, lilipo jengo la kale la Wajerumani, hupita pembeni mwa mashamba ya mboga ya Waluguru, na udongo wake ukilowa huteleza kama sabuni. Hapo tulikutana na bibi mmoja akishuka na tenga la mboga kichwani. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika "Marahaba wajukuu zangu," kisha akatazama raba za mmoja wao, zilizolainika soli, akasema, "Huyu mshikeni mkono." Yeye mwenyewe alivaa kandambili, lakini nyayo zake zimeijua njia ile tangu utotoni, mgeni asimwige.

Gambuti huzuia maji vizuri, ila hazishiki kifundo cha mguu na huchubua katika mwendo mrefu. Zinafaa kwa matembezi mafupi. Kwa mwendo wa siku nzima, buti la ngozi au la kitambaa kisichopitisha maji, lenye soli ya meno marefu na shingo inayopita kifundo cha mguu, ndilo bora. Livaliwe wiki kadhaa nyumbani kabla ya safari, na soksi za akiba zisisahauliwe.

Shingo hiyo ya buti ina faida nyingine kwa Mwislamu. Sheria imeruhusu kupaka maji juu ya khofu badala ya kuosha miguu: mchana na usiku wake kwa mkazi, na siku tatu na usiku wake kwa msafiri. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, miongoni mwa masharti ni kuwa khofu ivaliwe baada ya tohara kamili, iwe safi, ifunike mguu pamoja na vifundo vyake, na iweze kutembelewa. Kiatu kifupi hakitimizi sharti hilo. Asiye na hakika na buti lake amuulize shekhe wake kabla ya safari. Sisi tulitawadha mjini, tukavaa buti, na adhuhuri ilipotukuta msituni hapakuwa na haja ya mtoto kuvua soksi katika baridi.

Mtoto anaponyamaza

Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Huingiwa kwa kibali na mwongozaji. Kabla ya kuondoka tulikubaliana kwamba atakayetetemeka wa kwanza ndiye atakayetuamulia. Huko juu, ukungu ukiwa umefunga, mtoto wetu wa miaka minane aliacha kuuliza maswali. Alitetemeka, na vidole vyake havikuweza kufunga zipu. Kutetemeka, kujikwaa, ulimi mzito na ukimya usio wa kawaida ni dalili za mwili unaoshindwa na baridi, na watoto hupoteza joto upesi kuliko watu wazima.

Tulimsitiri na upepo, tukamvua nguo zilizolowa, tukamvisha kavu zilizokuwa ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, tukamfunika kichwa na kumpa chai ya tangawizi yenye sukari kutoka kwenye chupa. Baada ya nusu saa alianza tena kuuliza maswali. Kilele kilikuwa karibu, na wawili kati yetu walikitamani. Tuligeuka tukashuka sote. Bondwa haihami.

Kijito tulichokivuka asubuhi kwa kuruka jiwe moja kilikuwa kimejaa, na mwongozaji alituzungusha hadi penye daraja la miti. Maji yaendayo kasi yakishafika magotini huweza kumwangusha mtu mzima. Usiyajaribu ukiwa na mtoto.

Ndugu msomaji, mlima ni ishara ya Muumba, na kuwapeleka watoto kuitazama ni malezi mema. Lakini watoto hao ni amana. Andaa mavazi usiku wa kuamkia safari, mpekue kila mmoja begi lake, na uwe tayari kurudi.

Wabillahi tawfiq.