Mwaka Mmoja wa Kivukoni

Dar es Salaam, Agosti 2024. Kabla ya kwenda stendi kuanza safari ya Nairobi nimepita Kivukoni kulitazama jengo la Mahakama Kuu. Mbele kidogo pantoni imefunga gati na abiria wa Kigamboni wanamiminika kuelekea daladala. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakwenda kinyume cha Katiba. Ni vifungu vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akiridhia, na hata 14 mahakama ikitoa kibali. Kwa mvulana umri uliowekwa ni 18. Shauri lilifunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha.

Siku ile binti yangu alikuwa darasa la kwanza. Leo yuko kidato cha pili, ana miaka 15. Serikali ilikata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa tarehe 23 Oktoba 2019, na bado nikifunua sheria ile navikuta vifungu vilevile.

Ule mwaka mmoja haukutoka hewani. Ibara ya 30(5) ya Katiba yetu inairuhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria mbovu papo hapo, kuipa Serikali au Bunge muda wa kuirekebisha, na katika muda huo sheria inaendelea kuwa halali. Zamani niliona ni busara tupu: hubomoi ukuta wakati watu wamelala ndani. Ila anayelala chini ya ukuta huu ni mtoto, na kila muda unavyorefuka ndivyo watoto wengine wanavyofikisha umri wa kuozwa.

Arusha nimelala usiku mmoja. Barabara ya Dodoma, katika eneo la TANAPA, ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ndiko lilikofika shauri la mgombea binafsi la Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia kwamba raia aweze kugombea bila chama. Desemba mwaka huohuo Bunge likabadilisha Katiba kuuziba mlango. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Juni 2013 majaji wa Arusha wakaamua kwamba Tanzania imevunja haki zake. Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, na mgombea binafsi bado haruhusiwi. Mwaka 2019 nchi yetu, mwenyeji wa mahakama hiyo, ikaondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda pale moja kwa moja. Inaniuma kuliandika hili nikiwa mjini humohumo.

Namanga, foleni ya kugonga pasipoti. Mbele yangu kuna mama Mkenya anayerudi Kajiado, na mazungumzo yakaangukia kodi na kesi zake, kama kila mazungumzo ya Kenya mwaka huu. “Mama, kwetu mtu yeyote anaenda kortini,” akaniambia. “Hata kama si wewe umeumia.” Yeye anasema korti, mimi mahakama, kwao ni Mahakama ya Rufaa, kwetu ya Rufani. Tofauti aliyoigusa, hata hivyo, ni nzito kuliko maneno. Katiba yao ya 2010 inamruhusu raia kushtaki kwa niaba ya wengine. Kwetu, mabadiliko ya 2020 yalimtaka anayedai haki za msingi aape na kueleza jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Rebeca Gyumi alipofungua shauri lake alikuwa mtu mzima, hakuna aliyekuwa anamwoza. Je, chini ya sharti hilo angepita?

Nairobi. Nimetembea kutoka jengo la Mahakama ya Juu, City Hall Way, hadi Bunge kwa miguu na sikutoka jasho. Kwetu, kutoka Kivukoni hadi Bunge la Dodoma ni safari ya kilomita zaidi ya 400. Mji mzima unazungumzia uamuzi wa tarehe 31 Julai: Mahakama ya Rufaa imeibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 yote, ile iliyopandisha kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Sababu haikuwa ukubwa wa kodi. Mahakama ilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Vipengele vingine viliingizwa baada ya maoni kukusanywa.

Nimewasikia wanaouliza: majaji hawakupigiwa kura, wanapata wapi ubavu wa kufuta kazi ya waliochaguliwa? Kwenye kodi nalisikiliza swali hilo kwa makini, maana mlipa kodi mtu mzima anaweza kumwondoa mbunge wake uchaguzi ujao. Binti wa miaka 15 hana kadi ya mpiga kura. Hakuna mbunge atakayepoteza kiti kwa sababu yake. Akipata kadi hiyo, kifungu cha 13 kitakuwa kimeshampita, au kimeshamchukua. Kwa mtoto kama huyo, nje ya mahakama sioni mlango mwingine wa kubisha.

Dar es Salaam, 29 Oktoba. Naongeza mistari hii redio ikiwa pembeni yangu. Mahakama ya Juu ya Kenya leo imetengua uamuzi wa Rufaa na kuirudisha Sheria ya Fedha. Yule mama wa Kajiado bila shaka amekasirika. Mimi nimehesabu: tangu hukumu ya Julai hadi ya leo ni siku 90. Nikajaribu kuhesabu na zile za Kivukoni, tangu 8 Julai 2016, nikaachia njiani. Binti yangu ameniomba nipunguze sauti. Anajisomea mtihani wa taifa wa kidato cha pili.