Tone la Ndorobo

Mjomba alinifundisha kutazama miti kabla ya kumtazama ng'ombe. Ndorobo akishashiba damu hafiki mbali. Huruka kwa uzito hadi kwenye gome la mti wa jirani, akatulia, na ukikaa kimya utamwona akitoa tone la maji maangavu kwa nyuma, halafu jingine, halafu jingine. Nilikuwa na miaka 9. Tulikuwa porini upande wa Urambo, kiangazi, miombo imepukutisha majani. Nikainua mkono nimpige.

"Mwache, mjomba," akaniambia. "Anapunguza mzigo."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonipeleka kusomea fiziolojia ya wadudu. Huko nilijifunza kwamba ndorobo hunywa damu inayoweza kuzidi uzito wake mwenyewe, na akibaki nayo yote huwa mawindo rahisi. Basi tumbo likitanuka, neva humimina homoni mwilini mwake, nayo huiamuru ile mirija myembamba ambayo kwa mdudu ndiyo figo ichuje maji kwa kasi kubwa. Ndani ya nusu saa hivi sehemu kubwa ya maji imeshatoka. Amri za namna hii, kwa wadudu, mara nyingi ni peptidi: minyororo mifupi ya asidi amino inayotengenezwa na seli za neva zenyewe. Mwaka 1976 ulisomwa mpangilio wa peptidi ya nzige inayofungua akiba ya mafuta ili mbawa zipate nguvu ya safari ndefu. Ni asidi amino 10 tu. Usiku ule nilipoisoma habari hiyo sikulala. Nilitaka kumpigia mtu simu, na mtu mwenyewe alikuwa mjomba.

Hatukuwa wa kwanza wa pande hizi kushikwa na mambo haya. Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1931, alikwenda Cambridge kusoma chini ya Wigglesworth, bingwa wa fiziolojia ya wadudu, akachunguza jinsi homoni zinavyomkomaza dume la nzige wa jangwani. Aliporudi hakuridhika kufundisha tu. Mwaka 1970 alianzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, jijini Nairobi, akiamini kwamba mdudu anayeeleweka kwa undani anaweza kuzuiwa bila kumwaga sumu kila mahali. Alifariki mwaka 2003. Mjomba hakuwahi kumwona, lakini nilipomsimulia alisema, "Huyo alikaa kimya mbele ya mti."

Neno mzigo lina historia yake hapa Tabora. Nagana, ugonjwa anaoueneza ndorobo, iliua punda na ng'ombe wa safari, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa iliyofanya pembe za ndovu ziende Bagamoyo mabegani mwa watu. Wanyamwezi walibeba frasila mbili na zaidi, mwendo wa miezi mitatu hivi. Mdudu hupunguza mzigo wake kwa nusu saa. Mpagazi hakuwa na wa kumpunguzia. Babu yake mjomba alikuwa mmoja wao. Aliondoka na msafara, hakurudi. Huenda alifia Ugogo kwa kiu au kwa ndui. Huenda alifika pwani akaoa, akaacha watoto ambao ni ndugu zangu. Hakuwekewa matanga, kwa kuwa hakuna aliyejua kama amekufa.

Nadhani mjomba aliifanya kazi yake akiwa na huyo mzee moyoni. Miaka ya 1930, kule Shinyanga, mtafiti C. H. N. Jackson alikuwa akiwatia ndorobo alama za rangi na kuwaachia, ili akiwakamata tena aweze kukadiria wangapi wako porini na wangapi wanapotea. Kazi hiyo ndiyo aliyokuja kuifanya mjomba: wavu, nukta ya rangi mgongoni kwa ncha ya kijiti, daftari. Waliokamatwa tena aliwaandikia tarehe. Waliobaki aliwaandikia H, yaani hajaonekana. Nilimuuliza kama maana yake ni kufa.

"Aliyekufa na aliyehama, kwangu wote H," alisema. "Siwezi kumzika mtu kwa kukisia."

Zipo hesabu za kutenganisha vifo na kuhama. Nimezifundisha. Sijapata kuzifundisha bila kuisikia sauti ile.

Alifariki nikiwa maabara, nchi ya mbali, nikipima matone ya mirija ileile. Mirija ikitolewa mwilini na kuwekwa katika maji yenye chumvi, ikapewa homoni, huendelea kutoa matone ingawa mdudu mwenyewe hayupo tena. Siku hiyo niliitazama ikitoa matone mpaka jioni, sijui nililokuwa nikilingoja. Kwa ndege kisha basi nilifika Tabora siku ya tatu. Walikuwa wameshamzika. Sikuuona uso wake, na kuna sehemu ya moyo wangu ambayo hadi leo humwandikia H.

Mkaza mjomba alinikabidhi madaftari, yamefungwa kwa kamba ya katani, na kikopo cha rangi ya njano. Akauliza kama kikopo kitupwe. Nilikifungua kwa ufunguo wa nyumba. Juu palikuwa pamekauka, pagumu kama gome. Nilipopatoboa kwa kijiti, chini yake rangi ilikuwa bado mbichi.