Sehemu ya 6: Homa niliyoipa panadol

Wiki iliyopita tuliongelea upungufu wa damu. Ya leo yananihusu mimi mwenyewe, na mwenye kisa ameniruhusu nisimulie.

Alikuja kliniki mama kijacho mmoja, mimba ya kwanza, wiki 33. Ana homa, mwili unauma, mgongo ndo usiseme. Malaria hana. Mkojo safi. Mtoto anacheza. Foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia, "Mdogo wangu, haya ni mafua tu. Kunywa panadol na maji mengi, ukapumzike." Sikumpeleka kwa daktari. Akasema asante dada, akaenda.

Siku ya nne akarudi usiku, uchungu umeanza na homa imepanda. Alijifungua kabla hakujakucha, mtoto wa kiume, kilo 1.8. Maji ya uzazi yalikuwa ya kijani, na kwa mtoto njiti hiyo si kawaida. Akalia kidogo, kisha akaanza kupumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani. Daktari hakusubiri majibu. Alimwanzishia ampisilini na jentamisini saa ileile, damu ikapelekwa maabara kuoteshwa. Majibu yakaja: listeria.

Listeria ni bakteria anayetoka kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, akaingia kwenye chakula. Wengi wetu tukimla hatuumwi sana. Ila mjamzito kinga yake imeshuka, na bakteria huyu hupita kwenye kondo la nyuma akamfikia mtoto. Mama anaona mafua, kumbe mtoto anaweza kufia tumboni, kuzaliwa njiti, au kupata homa ya uti wa mgongo.

Na friji haimuui! Anaendelea kuzaliana humohumo kwenye baridi. Moto ndio unamuua.

Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 waliugua watu zaidi ya 1,000, wakafa zaidi ya 200, na watoto wachanga walikuwa wengi mno kati yao. Chanzo kilikuwa polony, ile nyama ya kusindika ambayo watu wanakata na kula baridi.

Nilimuuliza yule dada alikuwa anakula nini. Akasema harufu ya mafuta ilimchefua, kwa hiyo soseji alikuwa anazitoa kwenye friji anakula hivyohivyo. Na maziwa mabichi ya jirani, maana aliambiwa yanamjenga mtoto.

Basi mama zangu:
- Maziwa yachemshwe mpaka yatokote.
- Soseji na kiporo vipashwe mpaka vitoe moshi, visiwe vuguvugu.
- Mboga na matunda ya kula mabichi yaoshwe vizuri kwa maji safi.
- Ukiwa mjamzito una homa na malaria huna, usiishie hapo. Sema, "Naomba nionane na daktari," na umweleze ulichokula wiki hizi, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa hata mwezi na zaidi. Nesi akikupa panadol akakurudisha nyumbani, kataa. Hata nikiwa mimi.

Mtoto alikaa wodini wiki tatu kwenye sindano, akapona. Siku ya kuruhusiwa nilimwambia mama yake ukweli, kwamba siku ile ya kwanza nilitakiwa kumpeleka kwa daktari. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akanipa mtoto nimshike, akafunga mizigo yake.

Wiki ijayo tutaongelea manjano kwa watoto wachanga. Maswali niachieni hapa chini.