Weupe wa Theluji

Watu wengi hudhani ya kuwa theluji ni nyeupe, na ya kuwa kuipiga picha ni kazi nyepesi. Dhana ya kwanza ni nusu ya kweli. Ya pili si kweli hata kidogo. Theluji hupokea mwanga wowote unaoifikia na kuurudisha kwa mtazamaji. Jua linapochomoza, miale yake hupita katika hewa nyingi, na sehemu ya buluu ya mwanga hutawanyika njiani. Basi theluji huonekana ya waridi au ya dhahabu. Adhuhuri huwa nyeupe ya kuumiza macho. Penye kivuli huangazwa na mbingu peke yake, nayo huwa ya buluu. Ukiniuliza, msomaji, theluji ina rangi gani, nami nitakuuliza: saa ngapi, na upande gani wa mlima?

Hapo ndipo linapozaliwa swali la insha hii. Je, mlima wenye theluji upigwe picha ya rangi, au picha nyeusi na nyeupe? Mimi ni mwalimu wa shule, na swali hili sikulipata kitabuni. Nilipanda Mlima Kenya pamoja na walimu wenzangu kwa njia ya Naro Moru, nikiwa na kamera mbili: moja kuukuu yenye filamu nyeusi na nyeupe, na ya pili ya kupiga picha za rangi. Usiku theluji changa ilikuwa imeanguka. Kulipopambazuka, nilisimama chini ya kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, nikaupiga picha mto wa barafu uitwao Lewis kwa kamera zote mbili.

Katika kazi hiyo yafaa ujue jambo moja la ufundi. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Ikikabiliwa na theluji, hudhani kuwa mwanga umezidi, ikaupunguza, na theluji ikatoka kama jivu la mekoni. Dawa yake ni kuiongezea kamera mwanga mara mbili, hata mara nne, ya kiasi inachokitaka yenyewe. Ukizidisha mno, alama zote za theluji hufutika, ukabaki na karatasi tupu.

Niliporudi, niliziweka picha zile mbili mbele ya wanafunzi wangu, nikawauliza ipi ni ya kweli. Mmoja alisema upesi ya kuwa ni ile ya rangi, maana macho ya mwanadamu huona rangi, na picha isiyo na rangi imeacha kitu. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Katika picha ile mtu aliweza kujua saa kwa kuutazama uwaridi wa theluji, akahisi baridi kwa kuutazama ubuluu wa vivuli.

Msichana mmoja akampinga. Alisema ya kuwa katika picha ya rangi macho yake yalinaswa na uwaridi yasiende mbele. Lakini katika ile nyeusi na nyeupe aliona nyufa za barafu, mikunjo ya theluji, na mahali hasa barafu inapokoma na jiwe kuanza. Naye alisema kweli. Wapiga picha wengi wa milima wameijua siri hiyo. Mwaka 1927 Mmarekani Ansel Adams aliupiga picha mwamba wa Half Dome, huko California, akaweka kioo chekundu mbele ya kamera yake. Kioo hicho huzuia mwanga wa buluu. Kwa hiyo mbingu ilitoka nyeusi, na mwamba ukasimama mbele yake kwa utukufu. Kioo cha namna hiyo hutia giza hata vivuli vya theluji, na kila tuta na shimo likaonekana.

Mwanafunzi wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza: "Mwalimu, ni ipi itakayowaonyesha watoto wetu barafu ilikuwa kubwa kiasi gani?" Darasa zima likanyamaza.

Swali lile lilikuwa na uzito kuliko langu. Mwaka 1899 msafara wa Halford Mackinder ulifika kilele cha Batian, na ndani ya msafara huo alikuwamo mpiga picha, Hausburg. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella aliipiga picha barafu ya milima ya Rwenzori. Leo picha za namna hiyo ni mashahidi, kwani mtu huweza kuzilinganisha na mlima ulivyo sasa. Wataalamu walioupima mto wa Lewis wamekadiria ya kuwa kati ya mwaka 1934 na 2010 ulipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Barafu niliyoisimamia, basi, ilikuwa masalio tu.

Shauri langu kwako, msomaji, ni hili. Ukitaka kueleza mwanga wa siku fulani, tumia rangi. Ukitaka kueleza umbo na mifupa ya mlima, ziache rangi. Ukiweza, fanya yote mawili, kwa maana kila moja huona lisiloonwa na mwenzake. Lakini kwa vyovyote vile, andika nyuma ya picha yako tarehe, saa, na mahali uliposimama, ili atakayekuja baadaye aweze kusimama papo hapo na kulinganisha. Wahenga walisema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Theluji ya milima yetu ni mali, nayo inapotea. Yeyote mwenye kamera aweza kuiandikia daftari.