Daraja na Vijiti

Mtoto wa Garissa hukutana na lugha kwa zamu. Kisomali hukipata kwa mama, Kiarabu cha kusomea Kurani hukipata dugsi, kisha aingiapo darasa la kwanza huandaliwa Kiswahili na Kiingereza katika sahani moja. Kijana anayesimuliwa hapa alilelewa hivyo. Kijapani kilimjia akiwa chuoni, alipopata nafasi ya kukaa Osaka mwaka mmoja katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, na kikawa lugha yake ya tano.

Waliomuaga walimwonya kuhusu baridi, chakula na maandishi. Kuhusu baridi walisema kweli. Chakula alikizoea kwa kusoma vibandiko vya pakiti neno kwa neno, na ndiyo sababu miongoni mwa kanji za kwanza alizozijua barabara ni ile ya nguruwe, mnyama ambaye hajamla maishani. Maandishi yalimtoa jasho. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136, na aliyezoea herufi chache za Kilatini hana budi kuanza upya kama mtoto wa chekechea.

Lakini hakuna aliyemwambia kwamba lugha yenyewe ingemjia kama jamaa. Silabi za Kijapani, kama za Kiswahili, hupenda kuishia kwa irabu, na irabu ni tano zile zile. Mswahili husema basi na hoteli. Mjapani husema basu na hoteru. Matamshi hayakumsumbua, isipokuwa jina la dubu, ambalo kwa Kijapani ni neno asiloweza kulitamka mtu mwenye adabu mbele ya Waswahili. Alilikwepa mwaka mzima. Jina lake mwenyewe huanza kwa ‘ain, sauti ya kooni ambayo hati ya Kisomali iliyoidhinishwa mwaka 1972 huiandika kwa herufi c. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuidondosha sauti hiyo tangu shule ya msingi, na Kijapani nacho hakikuwa na pa kuiweka.

Ikiwa Kiswahili kilimpa sauti, Kisomali kilimpa muundo. Wenzake kutoka nchi nyingine walilalamika kwamba kitenzi cha Kijapani hungoja mwisho wa sentensi. Yeye hakuona ajabu, kwa kuwa Kisomali aghalabu hufanya vivyo hivyo. Walipotatizwa na kipashio kidogo ga kinachofuata nomino, alikumbuka baa ya kwao. Cali baa yimid, husema Msomali: ni Ali aliyekuja. Ari ga kita, husema Mjapani, na maneno yamepangwa kwa utaratibu ule ule. Si kwamba lugha hizi ni ndugu wa damu. Ila mwanafunzi aliyechoka hashindani na bahati.

Kisha zikaja namba. Kwa Kijapani huwezi kuhesabu kitu kabla ya kujua umbo lake. Vitu virefu kama kalamu huhesabiwa kwa hon, vyembamba bapa kama karatasi kwa mai, wanyama wadogo kwa hiki. Kalamu mbili ni nihon, na lafudhi ikiwekwa kando, hilo ndilo jina la nchi nzima. Darasa liliguna. Yeye alitabasamu, maana aliwahi kuguna hivyo hivyo akiwa na miaka minane: watu wawili, miti miwili, vitu viwili. Kisomali kina jinsi ya kiume na ya kike, lakini hakina ngeli za namna hiyo.

Hapa inafaa kurudi Garissa kidogo. Kiswahili ni somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na maksi za ngeli hazimsamehe mtoto kwa sababu ya lugha ya mama. Mwalimu wake wa Kiswahili alitoka bara. Baada ya abiria 28 kuuawa katika basi karibu na Mandera mnamo Novemba 2014, na watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, walimu wengi wa kutoka nje ya eneo waliondoka. Wa kwake alikuwa miongoni mwao, na nani angemlaumu? Darasa lilibaki na daftari moja la maelezo, ambalo wanafunzi walilinakili kwa mkono, makosa na yote.

Mwaka uliofuata alisafiri na mama yake kwenda Nairobi. Kwenye kizuizi kimoja barabarani abiria waliteremshwa, na askari akamwuliza alichobeba. “Kitabu yangu,” alijibu. Askari akacheka, akamgeukia mwenzake: “Huyu si wa hapa.” Jijini Nairobi kwenyewe maelfu husema kitabu yangu kila siku, na hakuna anayewauliza uraia wao. Kosa lile lile la upatanisho kwa mmoja ni mazoea ya mtaani, kwa mwingine ni ushahidi. Wazee wa Garissa hawakushangaa. Walikumbuka sheria ya kikoloni ya mwaka 1934 iliyowatia wakazi wa Kaskazini katika maeneo ya vibali, na uhakiki wa mwaka 1989 uliowalazimu Wakenya Wasomali kubeba kadi ya pekee. Si bure kwamba wengine, wakishuka kuelekea kusini, husema bado kwamba wanakwenda Kenya.

Huko Osaka kila aliyemsikia akisema maneno mawili ya Kijapani alimsifu: jouzu desu ne, unakijua vizuri! Mwezi wa kwanza alifurahi. Mwezi wa tatu aling’amua kwamba sifa hiyo hupewa mgeni tu, na kwamba aliwahi kuisikia nyumbani, kwa Kiswahili, kutoka kwa Wakenya wenzake.

Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili. Kilikirithi mwaka 2007 kilipoungana na Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka. Wanafunzi wake walimtafuta. Mmoja alimsomesha hon na mai, naye akamlipa kwa ki na vi. “Kwenu husemwaje?” waliuliza, kalamu tayari. Mara ya kwanza aliwaambia wamtafute mtu wa Mombasa au Unguja. Walimtazama bila kuelewa. Mara ya pili alijibu, nao wakaandika.

Mwishoni mwa muhula aliandika insha ya Kijapani kuhusu mji wake, akaisoma darasani. Mjini kwetu, alisema, kuna hashi kubwa juu ya mto Tana. Darasa likaangua kicheko. Hashi ni daraja ukipandisha sauti mwishoni, ni vijiti vya kulia ukiipandisha mwanzoni. Hiyo ni lafudhi ya Tokyo, inayofundishwa darasani. Mitaani Osaka mambo ni kinyume, naye lafudhi yake aliiokota mitaani. Alicheka pamoja nao, kisha akawaeleza kwamba kwa Kisomali ínan ni mvulana na inán ni msichana. Mwalimu alilinakili hilo ubaoni.

Alirudi mwezi wa Agosti. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kilomita zipatazo 370, na kabla ya kufika, basi lilisimamishwa. Askari kijana alifungua begi lake, akakutana na madaftari.

“Haya maandishi gani?”

“Ya Kijapani.”

“Na wewe ni wa wapi?”

“Wa Garissa. Madaftari ni yangu, na kitabu hicho pia ni changu.”

Kitambulisho kiligeuzwa upande wa pili, kikatazamwa, kikageuzwa tena. Mama mmoja nyuma yake alikuwa akitafuta chake mkobani, mikono ikitetemeka. Alimngoja hadi akakipata, wakapanda pamoja, basi likavuka daraja.