Barua kwa Mpwa Wangu Juu ya Gari Linalovuja Oili

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Waraka wako nimeupokea na kuusoma kwa makini. Umenieleza kwamba Corolla yako, ile 110 yenye injini ya 5A, huacha doa la oili uani kila asubuhi. Kwamba fundi wa kwanza alikwambia sili ya nyuma ya krenki imekufa na sharti gia boksi ishushwe. Na kwamba sasa huna hakika utafute fedha za kazi hiyo ama uliuze gari. Jawabu langu ni hili: usitafute fedha wala mnunuzi kabla hujajua kwa yakini oili yatoka wapi, kwa kuwa aliyekuhukumia hivyo, kwa maelezo yako mwenyewe, hakufungua hata boneti. Alilitazama doa, na doa ni shahidi wa kuwa oili imevuja. Si shahidi wa mahali ilipovujia.

Kabla ya upelelezi, ilinde injini. Bandu bandu huisha gogo, na tone la kila usiku, likiachwa bila hesabu, litaimaliza oili. Simamisha gari mahali palipo sawa, zima, ngoja dakika chache oili iteremke, kisha vuta kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, ukivute tena. Oili na iwe baina ya alama mbili, isipungue ile ya chini wala isizidi ile ya juu, maana ikizidi krenki huichapa hata ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Wala usiitegemee ile taa nyekundu ya oili kuwa ndiyo mlinzi wako. Taa ile hutoa habari za msukumo wa oili, si za kiasi chake. Aghalabu huwaka wakati hasara imekwisha kuingia, na siku itakapowaka ukiwa njiani, zima injini pale pale, hata kama nyumbani kumebaki hatua chache.

Kisha thibitisha kuwa kinachovuja ni oili ya injini. Tandika boksi safi lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha, na asubuhi ulitazame: oili ya injini ni ya rangi ya asali iwapo mpya na nyeusi iwapo imetumika, ile ya gia boksi ya otomatiki aghalabu ni nyekundu, maji ya rejeta yana rangi yake, kijani au waridi, na harufu ya utamu, na maji matupu chini ya gari lenye kiyoyozi si ugonjwa.

Ukishayakini, osha. Injini iliyovaa matope na grisi ya miaka haiwezi kukwambia kweli hata ukiimulika kwa tochi mchana kutwa. Ngoja ipoe kabisa, toa waya hasi wa betri, funika distributa, alteneta na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya plastiki, ndipo usugue kwa brashi na maji ya sabuni, ukisuuza taratibu pasipo mpira wa maji ya nguvu. Petroli usiisogeze kamwe, kwani imekwisha kuchoma magari mengi na wenyewe. Injini ikikauka, ipulizie poda nyepesi ya watoto pale unapopashuku, endesha mwendo mfupi, kisha fungua boneti: oili mpya itakuwa imechora njia yake juu ya weupe ule.

Hapo pana kanuni moja inayoshinda zote. Oili hushuka kwa uzito wake na kusukumwa nyuma kwa upepo wa mwendo, na kwa hiyo hudondoka mbali na ilikotokea, mfano wa paa la makuti linalodondosha maji juu ya kitanda ilhali tundu liko kwenye kipaa. Usianze chini, anza juu, na utafute mahali palipolowa palipo juu kuliko pote na mbele kuliko pote. Hapo ndipo penye asili.

Kwa injini yako washukiwa nawajua. Wa kwanza ni gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini; gasketi hiyo ni mpira, na mpira kwa joto la miaka hukauka ukawa mgumu kama plastiki. Dalili zake ni oili inayoteremka ubavuni, harufu ya kuungua inapofika kwenye eksozi, na oili ndani ya mashimo ya plagi. Wa pili, na huyu nakuusia umtazame kwa hadhari, ni oringi ya distributa: distributa imekaa mwisho wa silinda hedi, upande wa gia boksi, na oringi yake ikichoka, oili huteremka mpaka maungio ya injini na gia boksi, na kila asiyetazama juu huapa kuwa ni sili ya nyuma ya krenki. Tofauti ya gharama baina ya oringi ile na kushusha gia boksi huhitaji mimi nikupigie hesabu. Waliobaki ni filta iliyofungwa juu ya gasketi kuukuu iliyoganda, nati ya kumwagia oili yenye washa iliyochoka, gasketi ya sampu, na sili za mbele, ambazo zikivuja huulowesha mkanda wa taimingi na kuuharibu.

Tena usisahau vali ya kupumulia, ile inayorudisha hewa ya ndani ya injini ikachomwe. Ikiziba, msukumo hujaa ndani na kutafuta mlango popote penye udhaifu, na gasketi mpya utakayotia itavuja kama ya zamani. Itoe, itikise, isipolia kwa ndani, ibadilishe.

Ikiwa ni tapeti kava, kazi ni yako na huna haja ya kumwita mtu. Zitie nyaya za plagi alama kabla ya kuzitoa, maana mpango wa kuwaka ni 1-3-4-2 na waya uliokosea mahali utaifanya injini itetemeke. Fungua nati, inua kava. Likinata, ligonge kwa kipande cha mbao, wala usilichokoe kwa bisibisi, kwani aluminiamu huchubuka, na mchubuko ni mvujo mwingine. Futa nyuso zote mbili, ketisha gasketi mpya ikiwa kavu ndani ya mfereji wake, na silikoni utie tone tu kwenye pembe za mviringo, kwa sababu ya ziada hukatika ikaenda kuziba chujio la oili ndani ya sampu. Badilisha na sili za mashimo ya plagi. Kaza kidogo kidogo, ukianzia kati kwenda pembeni, kwa mkono mpole. Wengi hulipasua kava wakidhani nguvu ndiyo inayozuia oili.

Dawa za kuziba mvujo zinazouzwa katika vichupa ziache: huufanya mpira uvimbe kwa muda, na haziondoi sababu. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Tia stendi madhubuti na uzuie magurudumu kwa mawe. Na oili chafu usiimwage mtaroni. Itie dumuni, uipeleke gereji wanakoikusanya.

Endapo baada ya haya yote utaona juu ni kukavu, distributa ni kavu, na umajimaji watoka kwenye maungio ya gia boksi tu, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli ingawa hakutazama, nawe umpe kazi yake kwa moyo mkunjufu, kwa maana kushusha gia boksi si kazi ya uani. Jumamosi hii, basi, osha na upulize poda, na kabla hujanunua chochote niandikie ulipopaona palipolowa.

Wasalaam,

Mimi mjomba wako akupendaye